Jiwe Moja la Ami Farghali

"We Umm Karam, hivi huyo Farghali ni nani wako hata unamwombea kabla ya mama yako mzazi?"

Umm Wagdi aliniuliza hivyo asubuhi moja juu ya paa, sote tukianika nguo. Paa lake na langu yametenganishwa na ukuta wa kufikia kiunoni tu, na mimi nikishaswali alfajiri huomba dua kwa sauti, ndivyo nilivyolelewa. Sikujua kama nasikika. Niliona haya, nikamjibu, "Si ndugu yangu."

"Najua si ndugu yako," akasema, "ndiyo maana nauliza."

Nikacheka, nikabana shuka langu kwenye kamba, jibu sikumpa. Lilikuwa refu, na jua lilikuwa linapanda na unga wangu unaningoja. Leo nampa.

Kichochoro chetu kimeegemea Ngome ya Salahuddin, upande unaotazama mlima wa Muqattam. Ukifungua dirisha la jikoni kwangu huoni mbingu kwanza, unaona mawe. Mbingu mpaka uinue shingo. Mnara ulio mbele yetu una jina lake vitabuni, bila shaka, lakini sisi tunauita mnara tu.

Ami Farghali Abdilmaugud, ami wa kuitwa tu kwa heshima, alikuwa mwashi wa mawe. Alitoka Qena akiwa na miaka kumi na mitano, akaja kuchonga mawe mlimani na mjomba wake, kisha akaingizwa Ngome kuziba mashimo ya kuta, asitoke tena kwa miaka arobaini. Jeshi lilipokuwa limo humo ndani, alikuwa akiziba. Jeshi lilipotoka na milango ikafunguliwa kwa watu, aliendelea kuziba. Alikuwa mrefu, mkavu, na kucha zake zilikuwa nyeupe kwa chokaa hata siku ya Idi. Kusoma hakujua. Lakini ukuta aliusoma kama mtu anayesoma barua ya nyumbani.

"Hawa ni watu wa Salahuddin," angeniambia tukipita, akielekeza kidole. "Hawakuwa na haraka hawa. Pale ni Sultani Nasir, huyo alipenda kila kitu kinyooke. Kule juu ni Waturuki, mawe madogo madogo. Na huyu hapa," angelipiga jiwe kofi kama mtu anayempiga mwenzake begani, "huyu alikuwa wa mkono wa kushoto."

"Umejuaje, ami?"

"Tazama tindo ilivyolalia, mwanangu. Mimi wa mkono wa kulia siwezi kuikwaruza hivyo."

Miaka zaidi ya mia nane, naye akiwazungumzia watu wale kana kwamba wameshuka kunywa chai na watarudi sasa hivi kuendelea.

Mimi nilimjua nilipoolewa nikaletwa kichochoroni. Kizingiti cha juu cha mlango wetu kilikuwa cha mbao, kimeliwa na mchwa, na yeye bila kuombwa akaja na mawe akatujengea tao dogo. Malipo aliyoyataka ni sahani moja ya mlenda kwa sungura. Nilimtazama akifanya kazi. Kila jiwe kabla hajalitia chokaa alilinyanyua karibu na uso, akatoa ulimi, akalilamba! Nikakimbia ndani kwa mume wangu. "Huyu mtu uliyemleta ni mzima kweli?"

Ami Farghali alinisikia, akacheka mpaka akakohoa. Akaniita nitazame. Jiwe likilowa mate, mistari yake inajitokeza, myembamba kama mistari ya kiganja. Mlimani jiwe limelala tabaka juu ya tabaka, tangu Mungu alipoliumba. Ukilitia ukutani, mistari ile lazima ilale vilevile. Ukilisimamisha wima, tabaka zake zitaachana na uso wake utabanduka gamba baada ya gamba. Si mwaka huo wala mwaka wa pili, lakini utabanduka. Maji nayo yanaonyesha mistari, akasema, ila ulimi unaonyesha na zaidi, maana jiwe lenye udongo linanata ulimini na huna haja nalo.

"Na hili langu?" nikamuuliza.

"Lako ni tamu," akasema. "Ulale usingizi."

Mwaka wa tisini na mbili, siku ya tetemeko, nilikuwa ndani na mwanangu Karam, ana miezi minane. Ngazi iliporomoka, nusu ya paa ikashuka, vumbi likanifumba macho. Sikuona pa kwenda, nikasimama mlangoni chini ya lile tao nimemkumbatia mtoto, nikitamka shahada. Kila kitu kilianguka, kushoto na kulia. Tao halikudondosha hata punje. Karam wangu sasa ana watoto wawili.

Tulipotoka nje nikaona jambo nililolishangaa miaka mingi. Watu wote walikuwa wakikimbilia majumbani kwao, wakiita majina ya watoto. Ami Farghali alikuwa amekimbilia mnarani. Alisimama chini yake amepanua mikono, akiwasukuma watu: "Kando! Piteni kando! Msisimame hapa!"

Umm Wagdi, enzi hizo bado msichana lakini ulimi wake ulikuwa huuhuu, alipaza sauti: "Jamani, watu wamekimbilia wanao, huyu kakimbilia mawe!"

Watu walicheka hata siku ile ya msiba. Baadaye alikuja kwetu na nguzo na kamba, akaishikiza nyumba yetu, akaijenga ngazi upya kwa siku kumi na moja. Nami nilipotaka kumshukuru alikuwa akitazama dirishani, mnarani, hanisikilizi.

Alipostaafu ndipo mambo yalipozidi. Alichukua debe tupu la mafuta, akaligeuza, akawa analikalia kila siku ng'ambo ya mnara tangu asubuhi hadi adhuhuri. Mtu akipita chini ya ukuta, "Binti, haraka haraka." Mtu akisimama kufunga kiatu, "We bwana, kiatu kafungie kwenu!" Watu wakamwita Trafiki wa Ngome. Watoto walicheza wakipita palepale mahali alipopachukia, wakiimba, "Ami, mnara huo unakuja!" Siku moja aliwarushia kiatu, naye hakuwa mtu wa kurusha kiatu. Nilimwona uso wake. Haukuwa wa hasira. Ulikuwa mweupe kwa woga.

Na mimi nikagombana naye. Naoka mkate wa jua, ule wa kwetu Saidi, huko kusini, na watu wa kwetu walioko mtaani hawali mwingine. Unga ukishakandwa unautandaza vidonge juu ya mbao, unauweka juani uumuke, kisha ndiyo unaingia tanurini. Kichochoroni mwetu jua la asubuhi linashuka mahali pamoja tu, chini ya mnara, na mawe yale yakishapata joto mkate unaumuka kama umepuliziwa. Miaka nimepanga mbao zangu hapo. Basi asubuhi moja Ami Farghali akainuka kwenye debe, akaunyanyua ubao wa kwanza, akauvusha njia, akauweka kivulini.

"Ami, unafanya nini?"

"Hapa si pazuri."

"Kivulini hauumuki!"

"Na usiumuke."

Nikasema neno ambalo mpaka leo naliombea msamaha. Nilisema, "Jua ni la Mungu, ami, si la baba yako."

Alinyanyua ubao wa pili. Kesho yake alibisha mlango kabla sijatoka, akasema paa la nyumba yake lina jua zuri, na mbao atapandisha mwenyewe. Ghorofa nne, na umri ule. Kila asubuhi alipandisha mbao zangu nne, na kila nilipomaliza alizishusha, akarudi kwenye debe lake. Nilikubali, lakini kwa kununa. Umm Wagdi aliniambia, "Huyo mzee amekuchagua wewe umwuguze wazimu wake."

Mvua ilinyesha siku tatu mwezi wa Januari. Siku ya nne jua likatoka, nikawa jikoni nachekecha unga, nikasikia kishindo. Nilipofungua dirisha niliona vumbi jeupe chini ya mnara, palepale. Gamba la jiwe lenye ukubwa wa ubao wangu wa mkate lilikuwa limebanduka juu, futi ishirini na zaidi, limepasukia chini. Hapakuwa na mtu. Mbao zangu zilikuwa juu ya paa kwa Ami Farghali, na kama si yeye, mimi pamoja nazo tungekuwa pale chini, saa ileile, nikigeuza vidonge.

Nilishuka mbio. Alikuwa amepiga magoti, anaokota vipande.

"Alhamdulillahi, ami! Mungu akupe maisha marefu, umeniokoa!"

"Usinishukuru," akasema. "Jiwe ni langu."

Akanieleza hapohapo, sisi wawili tumechutama kama watu wanaochambua mchele. Ilikuwa Ramadhani ya mwaka wa themanini na nne, mwezi Juni, joto la kupasua kichwa. Walikuwa wakiutengeneza mnara, na upande wetu yalibaki mawe machache kumaliza kozi ile, yaani safu ile ya mawe. Msimamizi alitaka ifungwe siku ileile, watu washuke mapema wakafuturu makwao. Jiwe la mwisho lilipandishwa na kamba, alama ya wachongaji iliyoonyesha juu na chini imefutika kwa kukwaruzwa. Siku nyingine angelilamba. Lakini alikuwa amefunga, na chumvi ya jiwe ni ladha, na yeye hakutaka kuiharibu saumu yake. Akatafuta maji. Mitungi ilikuwa mitupu, maana nani anapandisha maji jukwaani wakati watu wamefunga? Ilibidi ashuke ngazi, achote, apande tena. Alikuwa na kiu na magoti yake yalikuwa yamechoka. Akalitazama jiwe kwa macho, akakisia, akaliweka.

"Siku ya tatu nikakuta kipande kilichokatwa kwenye jiwe lile lile, kimebaki chini," akasema. "Nikakilamba baada ya futari. Nikajua nimelisimamisha. Na juu yake zilishajengwa kozi nne."

"Ukasema?"

"Ningesema, ukuta ungevunjwa, na mafundi kumi na mmoja wangeambiwa waende makwao. Nikasema moyoni litakaa. Nimelitazama linavimba miaka thelathini, Umm Karam. Kilichoanguka leo ni ngozi. Mwili uko juu bado."

Niliinua macho nikaliona. Limefura kama tumbo la mgonjwa, na ufa mweusi umelizunguka. Nikamshika mkono, nikamwambia tunakwenda ofisini kwa wahandisi, leo.

Tulikwenda mara tatu. Mara ya kwanza karani alimsikiliza kwa adabu, akafungua faili, akasema, "Mzee, ukuta huo ni wa Salahuddin. Haujaguswa. Mawe yake hayatolewi." Mara ya pili alituambia tuandike barua. Niliandika mimi, kwa mwandiko wangu wa darasa la sita. Njiani tukirudi Ami Farghali alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka. "Nimelifananisha mno, mwanangu! Rangi, tindo, kila kitu. Mtu aniite mwongo kwa sababu kazi yangu ni nzuri!"

Mvua nyingine ilitabiriwa. Yeye akaacha kwenda hata kuswali msikitini, akawa anaswali kando ya debe, asipaache mahali pale tupu.

Mara ya tatu tulimkuta mhandisi mwingine, binti mdogo, Mhandisi Radwa, ana vumbi viatuni. Kwa vumbi lile nikapata tumaini. Alikuja mwenyewe kutazama, akawaleta mafundi na ngazi ndefu, akasimama chini ameshika karatasi zake.

"Ami, ramani zangu zinasema hapa hapajaguswa tangu kujengwa."

"Ramani zako zinanisifu, binti yangu."

"Uliweka alama yoyote?"

"Nani anatia alama kwenye aibu yake?"

"Sasa mimi nitajuaje kuwa si maneno tu?"

"Lilambe," akasema Ami Farghali.

Mafundi waliangua kicheko. Mmoja akasema, "Mhandisi, subiri kwanza tulete limau!" Binti yule hakucheka. Alimtazama mzee, akaikunja karatasi, akapanda. Ami Farghali akapanda nyuma yake, miaka sabini na ushei, na mimi chini nasoma Ayatul Kursi bila kumeza mate. Umm Wagdi alikuwa dirishani kwake, mdomo wazi.

"Anza na hili la jirani," nilimsikia mzee akimwambia binti. "Hili ni la watu wa zamani. Umeona mistari?"

"Imelala."

"Na hili?"

"Imelala."

"Na la chini yake?"

"Imelala, ami."

"Sasa hili langu. Polepole, linamomonyoka."

Binti akalilamba. Akalilamba tena. Kisha akamimina maji ya chupa yake, akafuta kwa kiganja, akasogeza uso karibu. "Wallahi," akasema, "limesimama."

Mhandisi Radwa alilamba mawe kumi na mawili asubuhi ile, nilihesabu. Aliposhuka ulimi wake ulikuwa mweupe kama wa mtoto aliyeiba unga. Ami Farghali alishuka baada yake, akakaa kwenye debe, akasema, si kwake wala kwangu, ni kama anawaambia wale walioshuka kunywa chai: "Ukuta mzima huu, na hakuna aliyekosea. Nimekosea mimi."

"Kwa nini hukuja kusema siku zote hizi?" Mhandisi Radwa akamuuliza, kwa upole.

"Nilikuja kila siku," akasema, akaligonga debe kwa kiganja. "Nilikuwa nakaa hapa."

Siku ileile njia ilizungushiwa kamba. Kazi ilipangwa iangukie Ramadhani, na Ami Farghali akakataa katakata. "Mwezi wa Shaabani, la sivyo msinihesabu. Ramadhani mimi na mawe basi." Wakamkubalia. Alipelekwa mlimani kuchagua jiwe. Alilamba saba, akakataa sita, kisha mbele ya watu wote akanywa maji kikombe kizima, akalimwagia na jiwe pia. Kuliweka aliliweka fundi mwingine, wa makamo, kwa sababu mikono ya Ami haikuweza tena, lakini hapakuwa na mtu aliyethubutu kugusa mwiko mpaka aseme bismillahi.

Lile la zamani walipolitoa, halikutoka zima. Lilifunguka mikononi mwao kurasa kurasa, kama mkate wa feteer, ule wa tabaka tabaka, uliopakwa samli. Fundi alimwambia Mhandisi, nami nilikuwa karibu, kwamba lilibakiza mvua moja au mbili tu lianguke. Ami Farghali alisikia. Alisujudu palepale, kwenye vumbi, bila udhu, akanyanyuka na paji la uso jeupe.

Asubuhi iliyofuata alibisha mlango wangu. Alikuwa amebeba mbao zangu mbili begani. Nilidhani anazipeleka kwake, kumbe alikuwa anazitoa. Alizipanga chini ya mnara, kwenye jua, akarudi kuchukua nyingine. Mkate ule wa kwanza uliumuka mpaka ukapasuka juu. Nilimpa ukiwa na moto, akaula amesimama, kwa jibini ya zamani na kitunguu, na mgongo ameuegemeza ukutani. Debe alimwachia Umm Wagdi, naye akapanda mnanaa ndani yake.

Basi Umm Wagdi, ndiyo hivyo. Mama yangu alinizaa mara moja, Mungu amrehemu. Huyu alinipa mlango uliosimama, na alinitoa kwenye jua kwa nguvu nikamtukana, na hakunidai hata asante. Namtanguliza kwenye dua kwa kuwa mama yangu ana watoto sita wa kumwombea. Yeye hakuzaa.

Alifariki mwaka uliofuata, mwezi wa Rajabu. Unajua wanaume wetu wanavyolibeba jeneza, wanakwenda nalo karibu mbio, ndiyo suna. Siku ile walipofika chini ya mnara walipunguza mwendo, wakatembea hatua kwa hatua, kama watu wanaopita sokoni bila haja ya kununua. Mimi nilikuwa dirishani jikoni, naona. Wewe uliniuliza kutoka dirisha lako wana nini, nami nililia tu. Ni mimi niliyewaambia wabebaji. Wiki moja kabla nilikuwa nimempelekea mlenda kwa sungura, akala vijiko viwili, akanishika mkono, akasema:

"Umm Karam, mkinibeba, nipitisheni chini ya mnara, na msiharakishe. Tembeeni polepole."